Sanduku la Mama Limerudi Bila Mama

Tangu nirudi sijaweza kuvuka barabara ya kumi na mbili bila kusimamishwa. Muuza vitumbua, fundi cherehani, wenzangu wa darsa la akina mama, wote swali lao ni moja: Zainabu, ulikwenda Sydney kumchukua mama yako, mbona umerudi na sanduku lake peke yake? Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akaondoka na kipande chake na kukitia chumvi njiani. Naandika mara moja, msome, mpeane, kisha mniache nipumzike.

Nikiri mapema ili msije mkaona nimewaficha. Nilikwenda Australia na wivu, na wiki mbili nilizokaa huko wivu ule haukupumzika hata siku moja. Mdogo wangu Mwajuma alimwita mama akamsaidie kumlea binti yake, Shamsa, kwa miezi sita. Miezi sita ikawa mwaka, mwaka ukawa mwaka na nusu. Na kila nilipopiga simu kumsalimu mama, jibu lilikuwa lile lile: mama hayupo, ameenda maktaba.

Maktaba! Ninyi mnajua kazi yangu. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza ya maktaba ya mji wetu, mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni kwa mama, na mama hakuwahi kuja kunitembelea. Nikimwalika anasema, "Nina ukili wangu wa kusuka, mwanangu." Nikasema basi, mama anasoma Kurani tu, herufi zetu hizi hazijui, vitabu vyangu vitamfaa nini. Sasa mtu aliyeshindwa kutembea dakika kumi anapanda treni saa nzima kwenda kukaa katika maktaba za watu? Roho iliniuma, sitazunguka. Nikapanga safari, na katika ndege ya kurudi nikamwekea mama kiti kando ya changu. Yeye mwenyewe sikumuuliza.

Tanga hadi kwa bwana wa forodha

Basi letu lilipata pancha kabla ya Segera, na jeki ikawa imeachwa gereji. Tulikaa kando ya barabara saa mbili tukila machungwa na kumsikiliza dereva akijitetea. Abiria mmoja, mama mtu mzima anayekwenda Dar kwa binti yake, aliniuliza ninakwenda wapi. Nilipomwambia, akanitazama viatu kwanza, kisha akasema, "Kamlete mama yako. Watoto wa siku hizi wakishampata bibi hawamrudishi." Nilimpenda yule mama tangu dakika ile.

Kwenye uwanja wa ndege wa huko Ghuba, Uarabuni, tulicheleweshwa saa saba. Mzee mmoja wa Kipakistani aliyekuwa amekaa karibu yangu alinigawia tende, nami nikamgawia kashata. Hatukuwa na lugha ya pamoja, lakini alinionyesha picha za wajukuu zake wote, mmoja baada ya mwingine, nami nikazisifu zote. Alipomaliza akaninyooshea mkono, yaani na mimi nitoe za kwangu. Nilikuwa na picha moja tu kwenye simu, ya mama akiwa Sydney, amesimama mbele ya rafu za vitabu anacheka. Mzee akaisifu sana. Nilitamani asingeisifu.

Kufika Sydney, mwezi wa saba, baridi inakata masikio. Nilikuwa nimembebea mama kila kitu anachokipenda: dagaa wa kukaanga, achari ya ndimu, ubuyu, karafuu, na udi. Afisa wa kukagua vyakula, kijana mpole mwenye glavu, alinifungulia kifurushi kimoja kimoja kama anayefungua zawadi za harusi. Ubuyu ukaondoka kwa sababu ni mbegu. Achari ikaondoka, sikuelewa kwa nini. Karafuu alizipeleka kwa mwenzake, wakazinusa wote wawili, wakashauriana, zikaondoka. Udi alinirudishia, akaniuliza unaliwa vipi. Nikamwambia hauliwi, unavutwa. Akaita mtu wa tatu.

Ilinichukua muda kueleza kwamba anayevuta ni nguo, si mtu. Nilitoka nje nikiwa na udi na dagaa tu, na hasira. Mwajuma atakuwa amempa mama dunia nzima, nami nimefika na dagaa.

Minto

Mwajuma anakaa Minto, kitongoji cha mbali kusini-magharibi, nyumba zimepangwa mistari na kila moja ina mapipa yake mawili mbele. Mama alinipokea mlangoni. Amevaa dera, juu yake koti zito la bluu, chini raba nyeupe. Alinikumbatia, na harufu yake haikuwa ile ninayoijua mimi. Ilikuwa sabuni ya Mwajuma.

"Umekonda, Zainabu," akasema. "Nani anakupikia?"

"Ungekuwepo ungejua," nikamjibu. Ndivyo nilivyoanza safari yangu, kwa maneno hayo, baada ya siku mbili angani.

Kabla sijamaliza chai akaingia jirani bila kubisha sana, Mkongo wa Bukavu, anaitwa Mama Furaha. Anafanya kazi ya kuhudumia wazee. Alinishika mikono yote miwili.

"Weye ndjo Zainabu wa Tanga? Maman anatuambiaka habari yako kila siku. Karibu sana, dada. Usiogope baridi, itakuzoea."

Mama akamwambia, "Mwanangu, kaa, kuna chapati."

Mwanangu! Nikaishika ile chapati nikaitazama kana kwamba ndiyo iliyosema. Mama Furaha ni mwanamke mwema, alinipa hata soksi zake, na kwa siku tatu nzima nilimchukia kwa sababu ya neno moja.

Jioni ile Mwajuma alinivuta jikoni. Alikuwa amevaa sare ya kazi, anatafuta funguo za gari.

"Dada, please, usimpe mama pressure. Ana routine yake. Jumatano yuko booked, Jumamosi anampeleka Shamsa city. Usimwambie mambo ya kurudi kila dakika."

"Amekwambia anataka kubaki?"

"Hajasema. Lakini look at her. Anaonekana mtu wa kuondoka?"

Kweli hakuonekana.

Kesho yake mchana, wote wametoka, nikasikia baridi. Nilikuwa nalala chumbani kwa mama, nikafungua sanduku lake nitafute shuka nzito. Ni lile la kahawia mnalolijua, lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa umeachwa humo humo. Kanga zake zote zilikuwemo, zimekunjwa. Chini kabisa mkono wangu ukagusa kitambaa cheupe, kimefungwa kwa uzi, kina harufu ya kafuri iliyochoka.

Ninyi wa Tanga sihitaji kuwaeleza, lakini waraka huu unaweza kufika kwa wageni. Bibi wa kwetu hujinunulia sanda yake mwenyewe mapema, huitunza, huibadilishia kafuri na karafuu, na haisafirishi hovyo. Anapoiweka ndipo anapotarajia kuzikwa. Miaka yote niliamini sanda ya mama iko nyumbani, kwenye kabati la chumba cha uani. Kumbe aliondoka nayo. Mtu anayekwenda kulea mjukuu miezi sita habebi sanda.

Nilikaa sakafuni karibu na lile sanduku mpaka waliporudi. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, sikusema neno. Lakini tangu hapo nilijua nimefuata nini. Sikuwa tena nimemfuata mama aje kunipikia. Nilitaka kujua atazikwa na nani.

Nyumba za watu chini ya kioo

Jumamosi mama akasema atanitembeza mjini. Yeye anitembeze mimi. Njia ya reli ilikuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo treni ilitushusha katikati ya safari tukapandishwa basi. Watu wote walishuka kimya kama waliopigwa sindano. Nilitaka kuuliza, mama akanivuta mkono: "Fuata wenye koti la rangi ya chungwa. Wao ndio wenye safari." Na kweli, tuliwafuata wale wafanyakazi mpaka basini. Shamsa, mwenye miaka minne na maswali ya miaka kumi, alisinzia mapajani mwa mama njia nzima. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, lakini mama akimwambia "lala," analala.

Maktaba ya kwanza iko ndani ya jengo la zamani la forodha, ng'ambo ya barabara ukitoka stesheni ya bandarini. Niliingia kwa heshima zote za kazi yangu. Nikatafuta meza ya mlangoni, haipo. Daftari la wageni la kuandika jina na shughuli, halipo. Mlinzi wa kukaguliwa naye, simwoni. Sasa mkutubi gani anaingia maktaba ya watu na mkoba? Nikauweka mkoba wangu chini, ukutani, kando ya mlango, vizuri kabisa, kama ninavyowaamuru watu wote wafanye kwangu. Nikapita ndani mikono mitupu.

Sakafu ya ukumbi ule ni ya kioo, na chini ya kioo wamejenga mji mzima wa Sydney kwa udogo, majumba, madaraja, mabustani, kila kitu. Watu wanatembea juu yake na viatu vyao. Mama alipofika ukingoni akavua raba, akazishika mkononi, akapita na soksi. Shamsa akavua vyake. Mzungu mmoja aliyekuwa na mkewe akawatazama, akatazama chini, na yeye akaanza kufungua kamba.

"Mama, ni kioo tu," nikamwambia.

"Zile ni nyumba za watu," akasema. "Nitamkanyaga mtu paa lake na viatu?"

Nilikuwa bado nacheka nilipoona walinzi wawili wamesimama mbali kidogo na mkoba wangu, mmoja anaongea na redio. Wasomaji walikuwa wameanza kusogezwa. Nikakimbia. Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha mitihani kwamba ule ni mkoba wangu, nimeuacha kwa adabu. Mlinzi akaniuliza nimeuacha kwa nini. Nikasema kwa sababu hapa ni maktaba. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akamtazama mwenzake, kisha akaniambia polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, kwamba hapa mkoba unakaa na mwenyewe.

Niliporudi kwa mama uso unawaka, yeye hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti, raba mapajani.

"Huku kikapu kinaingia," akasema. Basi. Akaanza kuvaa viatu.

Pua inayong'aa

Tukapanda mlima mdogo kuelekea maktaba kubwa ya jimbo. Nje yake, ukingoni mwa dirisha, kuna sanamu ya paka mdogo wa shaba. Wanasema ni paka wa nahodha mmoja wa zamani, aliyesafiri naye bahari zote. Mama akamsalimu yule paka kama anavyowasalimu paka wa Ngamiani, na Shamsa akasalimu pia, kwa Kiswahili safi. Mimi hakunisalimu kwa Kiswahili hata mara moja, lakini paka wa shaba alisalimiwa.

Ndani sitawaeleza kirefu, nitajiumiza. Chumba kimoja cha kusomea kina dari ya kioo juu kabisa, na vitabu ukutani kote ghorofa tatu. Kila meza ina taa yake. Kuna kimya ambacho hakuna anayekilinda. Kwangu nina feni mbili, moja ni ya mapambo, na kabati la kioo ambalo funguo zake nalala nazo. Hapa watu wanachukua kitabu, wanakiweka, wanaondoka. Niliwahesabia wale wakutubi viti vyao vya magurudumu, nikaona kijicho kinanipanda mpaka kooni. Msichana mmoja wa mapokezi alikuwa anakula tufaha. Anakula tufaha, kazini, katika chumba kile.

Tulipotoka, mtaa ule ule, mbele ya hospitali, kuna sanamu ya mnyama mkubwa wa shaba, mwili mweusi ila pua inang'aa dhahabu kwa kusuguliwa. Watu walikuwa kwenye foleni wanasugua wakiomba heri. Nikasema na mimi nimekuja mbali, heri naihitaji. Nikasugua kwa mikono yote miwili, nikaomba jambo langu, nikaongeza na mara ya pili.

Mama alikuwa amesimama pembeni na Shamsa, mdomo ameufunika kwa mtandio.

"Umeomba nini?" akaniuliza.

"Siri yangu."

"Umemwomba nguruwe?"

Nikatazama vizuri. Masikio, manyoya ya shingo, meno. Nguruwe wa mwitu mzima. Na pembeni pana kibao kimeandikwa kila kitu kwa herufi kubwa. Mimi, mkutubi wa miaka kumi na tisa, sikusoma kibao, na mama yangu asiyejua herufi zile alikuwa anajua.

"It's a pig, Aunty," Shamsa akanithibitishia.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa umeshika foleni. Hukuuliza." Sasa alikuwa anacheka machozi yanamtoka, ameshika ukuta wa hospitali. "Shaba hiyo, mwanangu, si nyama. Kanawe tu."

Nikarudi maktaba ya jimbo kunawa mikono mara tatu. Hata vyoo vyao nikavionea wivu.

Mlango usiokuwa na nyumba

Jumatano ndiyo siku aliyokuwa booked. Tulikwenda na Shamsa, pamoja na Mama Furaha aliyechukua ruhusa ya asubuhi kazini ili, kama alivyosema, dada asikie maman. Maktaba hii iko upande wa Haymarket, kwenye jengo la duara lililozungushiwa vipande vyembamba vya mbao toka chini mpaka juu, vinapishana na kupindana. Mama akasimama chini yake kama anavyosimama kila wiki, nadhani.

"Aliyejenga hii alimwona mtu akisuka kikapu," akasema. "Tena hakukimaliza. Angalia pale juu, ncha zimeachwa."

Ndani kwenye zulia walikaa watoto kama kumi na tano, wa Kikongo, wa Kikenya, wa kwetu, na wawili wa Kizungu waliokuja na yaya wao. Mkutubi wa pale, mama wa makamo anaitwa Helen, akamletea mama chai na kiti kifupi. Shingoni mwa mama ilining'inia kadi ya maktaba, ina jina lake lote, Tatu binti Omari. Miaka kumi na tisa nimewaandikia kadi watu wa mji mzima. Sikuwahi kuandika hii.

"Paukwa," mama akasema.

"Pakawa," wakajibu wote, hata wale wawili wa yaya.

Akasimulia habari ya mwanamke aliyetaka kuhama na nyumba yake. Kila siku anabomoa tofali chache, anazitia kikapuni, anazipeleka anakokwenda. Akahamisha kuta, akahamisha paa, akahamisha hata jiko. Mwisho ukabaki mlango peke yake, umesimama uwanjani. Watu wakamwambia, mama, chukua na mlango. Akakataa. Kila Ijumaa akawa anarudi pale, anabisha hodi kwenye mlango usiokuwa na nyumba. Mama akagonga ubao wa kiti chake. Watoto wakapiga kelele, "Karibu!"

Mtoto mmoja akauliza kwa Kiingereza kwa nini hakuuchukua. Mama Furaha akatafsiri, kwa haraka zake za Kibukavu. Mama akajibu, "Angeuchukua, angerudi kubisha wapi?"

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, na wazazi wengine, magoti yamegusana na ya mtu. Mama hakuwahi kunisimulia hadithi. Nilipokuwa mdogo alisuka mikeka toka alfajiri, na nikimwendea ananiambia nyamaza, nahesabu. Watoto wa watu walikuwa wanagaagaa miguuni pake, mmoja amelala juu ya raba yake. Niliwaonea wivu watoto wa miaka minne. Mama Furaha akaniona, akanishika goti.

"Lia tu, dada," akanong'ona. "Siye wote tunaliaka hapa, siku ya kwanza."

Ngazi za bandarini

Baadaye Mama Furaha akaenda kazini, nasi tukapanda tramu mpaka bandarini, tukakaa kwenye ngazi za lile jumba la muziki lenye mapaa meupe ambalo mmeliona kwenye kalenda. Tulinunua chipsi. Ndege wa pwani wa huko hawana haya, mmoja alichukua chipsi mkononi mwa Shamsa, naye akaanza kuwafukuza ngazi kwa ngazi. Nikaona sasa au basi.

"Mama, kwangu mbona hukuja hata siku moja?"

"Nilikuja," akasema.

Nikamwambia hajawahi.

"Mwezi wako wa kwanza wa kazi. Nilikuletea wali wa nazi na samaki, kwenye kikapu. Ulikuwa umesimama na mkubwa wako, umevaa blauzi ya bluu. Nikaingia. Ukasema, 'Kikapu nje, mama. Na wewe subiri nje, huku ndani ni kwa wasomaji.' Nikasubiri. Jua lilipokuwa kali nikamwachia mlinzi chakula, nikarudi nyumbani."

Nilikumbuka wali. Nilikumbuka mlinzi akiniambia nimeletewa chakula, nami nikakila chote nyuma ya stoo, kilikuwa kitamu. Lakini mlangoni sikumbuki. Wanawake wote wanaoingia mle nawaita mama, na wote nawaambia kikapu nje. Sijui kama nilimtazama usoni nikamtambua, nikaona haya mbele ya mkubwa wangu, au sikumtazama kabisa. Nimejiuliza mpaka leo na sijui.

"Jioni ulirudi ukanishukuru kwa chakula," mama akaendelea, sauti ya kawaida kabisa. "Nikajua hukukusudia. Nilikusamehe siku ile ile. Lakini kwenda tena, sikwenda. Mimi nina kiburi changu, na wewe umekirithi."

"Nisamehe tena."

"Kula chipsi, zitapoa."

Nikala. Kisha nikamwambia kuhusu kiti nilichomwekea katika ndege ya Ijumaa. Akasema anajua, Mwajuma alimwambia kabla hata sijapanda ndege. Nikamuuliza kama atakuja. Akamwita Shamsa, akamfuta mikono, akamfunga zipu ya koti.

"Nitakujibu nyumbani," akasema.

Alhamisi

Alhamisi asubuhi niliamka nikakuta mama anapanga sanduku. Mnisamehe, furaha niliyoipata haikuwa ya mtu mzima. Nilikwenda jikoni nikamtazama Mwajuma akikoroga uji, uso umemsawajika, na nikamwonea huruma ile ya mtu aliyeshinda. Nikamwambia hata nitamsaidia kuosha vyombo.

Niliporudi chumbani mama alikuwa amelifunga, ameshika ufunguo. Bado amevaa nguo za ndani ya nyumba.

"Hili tangulia nalo," akasema. "Mimi nipo mpaka mwezi wa pili, Shamsa aanze shule. Nikiondoka sasa atabaki na nani, na mama yake anaingia kazini saa nane?"

Nikakaa kitandani. Nikasema maneno ambayo siyaandiki, kwamba Mwajuma amepewa kila kitu, na Mama Furaha ni mwanawe, na watoto wa maktaba ni wajukuu zake, mimi nipewe sanduku la nguo. Mama akaniacha nimalize. Akaniwekea ufunguo kiganjani.

"Fungua chini."

Nikafungua. Nikainua kanga. Ilikuwepo, imefungwa kwa uzi mpya.

"Niliichukua nilipokuja kwa sababu nilikuwa mgonjwa wa kifua, unakumbuka, nikasema Mungu akinichukua huko nisiwasumbue watu. Sasa kifua kimepona. Kaiweke kabatini kwako, si chumba cha uani, kule kuna mende. Rafu ya juu. Uitie karafuu mpya. Zako walikunyang'anya, na hizi za dukani hapa hazina harufu." Kisha akaongeza, akivaa raba, "Na nikija nitapita kazini kwako. Nitakuwa na kikapu."

"Utaingia nacho," nikasema.

"Nitaingia nacho ndani."

Kurudi

Kiti cha mama kando yangu kilikaliwa na kijana aliyelala toka Sydney hadi Ghuba bila kugeuka. Njia yote niliweka mguu wangu kwenye begi nililotia ile sanda, maana niliihamisha toka sandukuni, sikuthubutu kuiacha kwenye mizigo. Dar es Salaam afisa aliitoa, akaishika, akagundua ni nini, akairudisha polepole kwa mikono miwili. Aliniuliza mwenyewe yuko wapi. Nikamwambia anakuja.

Sasa mnajua. Wale mnaopita maktaba mtakuwa mmeona kile kibao cha kukataza mizigo mlangoni hakipo. Ni mimi nimekibandua, mkubwa wangu ananidai maelezo kwa maandishi, na bado natafuta maneno. Juzi aliingia mwanamke wa Pongwe na kikapu cha mihogo, akakaa nacho mpaka saa sita akitazama kitabu cha picha za ndege.

Na jana Mwajuma alinipigia. Aliuliza habari za nyumbani, za mvua, za mtoto wa jirani, mambo ambayo hayamhusu kabisa. Mwisho akalitoa lililomfanya apige.

"Dada. Ile nguo nyeupe ya mama. Amekupa wewe?"

"Iko kwangu. Rafu ya juu."

"Hakuniambia. I mean, sawa, ni haki yako, wewe ndiye mkubwa. Lakini mwaka na nusu yuko kwangu, hakuniambia."

Sauti yake niliitambua mara moja, kama mtu anavyotambua kanga yake imevaliwa na mwingine. Nikamwambia pole, mdogo wangu. Nikaenda kununua karafuu.